Barua kwa mwanangu: teremka na mto

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, bibi yako anakusalimu, na duka linakwenda, alhamdulillahi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza usiku baada ya kufunga hesabu, halafu nikausikiliza tena. Unasema likizo hii unataka kwenda Vietnam na wenzako wa chuo hapo Bangkok, na tiketi ya ndege kutoka huko hadi Saigon mmeshaiona, saa moja na nusu mmetua. Ruhusa umepata. Nauli nayo utapata, ila usipande hiyo ndege. Panda basi mpaka kaskazini ya Thailand, kisha uufuate mto Mekong uteremke nao: Laos, Kambodia, na Vietnam uingie kwa boti.

Najua utashangaa. Mimi ndiye mama ninayekupigia simu ukichelewa nusu saa, na leo nakuambia ukae kutwa nzima kwenye boti ya mbao katika nchi usiyoijua lugha yake. Nina sababu, na nimeiwaza muda mrefu.

Miaka ile, kabla Guangzhou ya China haijatuvuta sote, sisi wafanyabiashara wa Kariakoo tulifuata mzigo Bangkok. Pratunam, soko la nguo la huko, niliijua kichochoro kwa kichochoro. Tulitua, tukalala hoteli zilezile, tukafunga marobota, tukarudi. Mtu akikuuliza Thailand ikoje, unamtajia bei ya dazeni ya blauzi. Mpaka safari moja wakala alipouchelewesha mzigo wangu, mimi na mwenzangu mmoja, mama wa Tanga, tukaona kuliko kukaa hotelini tunakula mtaji, heri twende tukauone huo mto ambao muuza vitambaa wetu alikuwa haachi kuusimulia. Nilichokiona kule kimenikaa moyoni kuliko mizigo yote niliyowahi kushusha. Niliona watu wa nchi nne wanavyoishi kwa maji yaleyale, na nikaona mpaka ni kitu gani kwa mtu ambaye shamba lake liko ng'ambo hii na dada yake kaolewa ng'ambo ile. Hilo ndilo nataka ulione, tena ulione sasa, kwa sababu mto ule unabadilishwa huku tukitazama.

Kwanza makaratasi. Usifuate ushauri wa vijana wa Ulaya utakaokutana nao njiani. Wao wakisema visa inapatikana mpakani, kwao ni kweli. Wewe umeshika pasipoti ya Tanzania, na afisa anaweza kukurudisha ulikotoka huku basi lako linaondoka na begi. Nenda ubalozi wa Laos hapohapo Bangkok, utoke na visa mkononi. Ya Kambodia na ya Vietnam zishughulikie mapema. Vietnam tangu Agosti 2023 inatoa visa ya mtandaoni kwa watu wa nchi zote, hadi siku 90, lakini fomu inakuuliza utaingilia kivuko gani. Chagua kile cha mtoni mkoa wa An Giang, usije ukaandika uwanja wa ndege kwa mazoea. Kadi ya njano ya chanjo isikutoke, maana sisi tunahesabiwa watu wa nchi za homa ya manjano.

Na hili nalirudia kama nilivyokwambia siku unaondoka: visa yako ya mwanafunzi inakufa siku unayotoka Thailand kama huna kibali cha kurudi. Kichukue uhamiaji kabla ya safari. Cha kurudi mara moja ni baht 1,000. Usiseme utakipata mpakani.

Utaniuliza kwa nini uzunguke kote huko, wakati Kambodia iko mashariki tu ya Bangkok. Zamani ungepitia Aranyaprathet na Poipet, miji ya mpakani, asubuhi unaondoka, jioni umefika. Lakini Julai 2025 majeshi ya Thailand na Kambodia yalipigana mpakani, malaki ya watu wakakimbia makwao, na vivuko vya ardhini kati ya nchi hizo mbili vikafungwa. Basi njia yako ni ya Laos. Mimi ningekutuma huko hata kama Poipet pangekuwa wazi.

Kutoka Bangkok chukua basi la usiku la Chiang Khong. Mji mdogo, uko ukingoni kabisa. Sisi tulivuka pale kwa kimtumbwi cha mashine, magoti yanagusana, na Huay Xai ya Laos unaiona mbele yako tangu unakunywa chai. Desemba 2013 likafunguliwa daraja, kwa hiyo wewe utavuka kwa basi dogo la darajani. Ukishagonga muhuri, lala Huay Xai, na asubuhi uwahi gatini kupata kiti cha mbele. Nyuma kuna injini, na injini ile inanguruma kutwa.

Boti yenyewe ni ndefu na nyembamba, ina paa, na ndani wamepanga viti vilivyong'olewa kwenye magari. Viatu unavua mlangoni. Mwenye boti anaishi nayo: nyuma kule kuna jiko, kitanda na nguo za watoto zimeanikwa. Unaondoka Huay Xai, unalala Pak Beng, kesho yake jioni unaingia Luang Prabang, kama kilomita 300 hivi. Zipo boti za mwendo kasi zinazofika siku hiyohiyo, abiria wamevalishwa helmeti. Hizo nakukataza. Mto ule umejaa miamba, mingine imejificha chini kidogo tu ya maji, na boti ikigonga kwa kasi ile haina msamaha.

Sasa nataka uangalie kitu kimoja. Katikati ya safari, mahali ambapo huoni gati, huoni nyumba, huoni hata njia, nahodha atapunguza moto na kuelekeza pua ya boti kwenye mchanga. Atashuka mama na gunia la mchele na kuku kwenye tenga. Kabla hajakanyaga chini, watoto watatokea juu ya ukingo mbio, mmoja anachukua kuku, mwingine anashika mkono wa mama, na wote wanapotelea kwenye miti. Boti inarudi nyuma, inaendelea. Mimi sikuwa nimeelewa mpaka hapo kwamba ile si boti ya watalii. Ndiyo daladala yao, ndiyo lori lao, ndiyo gari lao la wagonjwa. Mtalii analipia mafuta, na mama yule anafika nyumbani. Ndiyo maana nasisitiza upande hiyo ya watu wote, si ile ya kifahari inayosimama watalii wapige picha mapangoni.

Mama mmoja aliyekaa jirani yetu alifungua kikapu kidogo cha mianzi, ndani mna wali wa kunata, akatusogezea. Unaumega kwa vidole, unaufinyanga tonge kama ugali, unachovya kwenye pilipili ya kutwanga. Hakuna neno tulilosikilizana naye. Mwenzangu akatoa visheti alivyobeba kutoka Tanga, na tukala hivyo mpaka Pak Beng. Ukipewa, kula kwanza, halafu na wewe toa ulichonacho. Beba na koti, kwani Desemba na Januari asubuhi kule kuna ukungu na baridi ya kutetemesha.

Ukikaribia Luang Prabang utapita mapango ya Pak Ou, pale mto Nam Ou unapoingia, yamejaa sanamu za Buddha. Eneo hilohilo utaona ujenzi wa bwawa la umeme. Hilo ndilo nililosema kuhusu mto kubadilishwa. China imeshaweka mabwawa zaidi ya kumi kwenye mto huu huko juu. Laos ikamaliza la Xayaburi mwaka 2019, megawati 1,285, na hili la Luang Prabang linafuata. Mwaka huohuo wa 2019 maji ya Mekong yalishuka kiwango ambacho hakikuwahi kupimwa kwa zaidi ya miaka mia, ukame ukichangia na mabwawa nayo yakilaumiwa. Mto Nam Ou wenyewe, uliokuwa njia ya boti mpaka vijijini, umekatwakatwa na mabwawa saba. Sisemi Laos isiuze umeme. Ni nchi isiyo na bahari, nayo inataka kuishi. Nasema aliyezoea kushukia nyumbani kwake kwa boti hakuulizwa, na mimi niliyekula wali wake siwezi kulinyamazia.

Luang Prabang sitakueleza, mji mzima uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1995 na picha zake umeziona. Ila alfajiri, watawa wakipita kupokea chakula, simama mbali na usiwapige picha usoni. Hiyo ni ibada. Toka pale kwa treni ya Wachina iliyofunguliwa Desemba 2021, inafika Vientiane chini ya saa mbili, na ina faida yake, basi la zamani lilikuwa linatuchosha mchana kutwa milimani. Vientiane nenda kituo cha COPE, wanakotengeneza miguu ya bandia. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilidondosha Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu, na mengi hayakulipuka. Ukishaona hapo, hutahitaji nikuambie mara mbili: kijijini usiache njia iliyokanyagwa, hata kwa kujisaidia.

Kusini kabisa mto unatawanyika visiwa vingi, wanapaita Si Phan Don, kisha unaanguka maporomoko ya Khone. Wafaransa waliopanda mto mwaka 1866 wakitafuta njia ya meli ya kuingia China waligundua hapo kwamba meli haipiti. Baadaye wakajenga reli ndogo ya kuvusha vyombo juu ya visiwa, na daraja lake bado lipo kati ya Don Det na Don Khon, unatembea juu yake. Kwa hiyo hapo boti hazipiti, mpaka wa Kambodia utauvuka kwa gari. Kwenye kivuko kimoja cha safari ile mimi niliombwa pesa ya muhuri ambayo haikuandikwa popote. Uwe na noti ndogondogo za dola, omba risiti kwa upole, usipaze sauti, na pasipoti yako usimkabidhi mtu yeyote asiyevaa sare, hata akisema ni wa kampuni ya basi. Ukishavuka, lala Kratie uwaone pomboo wa mtoni. Upande wa Laos wa mwisho alikufa mwaka 2022.

Phnom Penh ndipo utakapopanda boti ya mwisho. Hapo mto mwingine, Tonle Sap, unakutana na Mekong, na huo una ajabu ya Mungu: msimu wa mvua Mekong ikifura, maji yanausukuma mto ule urudi nyuma mpaka ziwani, ziwa linatanuka mara nne au tano, kisha Novemba maji yanageuka na kuteremka tena na samaki wake. Samaki hao ndio mboga ya Kambodia nzima. Mafuriko yakipungua, mboga inapungua.

Boti ya Chau Doc, mji wa Vietnam, inateremka kwa muda wa saa nne, tano hivi. Utashuka Kaam Samnor kugongewa muhuri wa kutoka, unarudi botini, unashuka tena Vinh Xuong kugongewa wa kuingia Vietnam. Vituo vyenyewe viko juu ya ukingo, ng'ombe wanapita. Chau Doc watu wanaishi juu ya maji, unafunuliwa ubao wa sakafu na chini yake ni kizimba cha samaki.

Ukishapumzika, vuka ng'ambo uende Chau Giang. Pale wanaishi Wacham, Waislamu, na msikiti wao uko ukingoni. Ndugu zao wa Kambodia waliuawa kwa wingi kati ya 1975 na 1979, misikiti ikabomolewa, Qur'ani zikachomwa. Mimi nilipita pale na mtandio wangu, mbali kuliko nilivyowahi kufika, nikamwona mwanamke mtu mzima anafuma kitambaa chini ya nyumba ya nguzo. Nikamwambia assalaam aleikum. Aliacha kufuma, akaniitikia kwa ukamilifu, akanishika mikono yote miwili. Akanionyesha kwenye nguzo alama walizochora za mafuriko ya kila mwaka, na ya mwaka 2000 ilikuwa imenipita kichwa. Tukaswali adhuhuri pamoja, tukala samaki. Nataka uketi na watu wale. Ulizia wafumaji, ununue kitambaa kwao bila kubishana sana bei.

Nauli nimeituma leo asubuhi, na juu yake nimeongeza ya kibali na ya visa, uzitenge. Huko mko mbele yetu saa nne, kwa hiyo ukinipigia usiku wako utanikuta dukani. Nipigie Huay Xai kabla ya kupanda, Pak Beng ukilala, na Phnom Penh siku ya boti. Kama mwenzio yeyote anasisitiza ndege, mwache aruke, mkutane Saigon.

Mama yako