Notisi ya kaunsili si amri ya kuhama

Mhariri,

Waswahili wenzetu huko England wakipata notisi ya malimbikizo ya kodi ya nyumba ya kaunsili (serikali ya mtaa), wengine hufungasha mizigo mara moja. Tafadhali wasihame! Kaunsili inaweza kuhesabu kwamba wamejitakia kukosa makazi, na wajibu wake wa kuwasaidia ukapungua sana.

Kwa mpangaji wa kudumu, notisi hutangulia kesi kwa wiki 4 au zaidi, na hakimu hutoa amri ya kuhama pale tu anapoona ni haki. Mpangaji wa mwaka wa majaribio kinga yake ni ndogo: aombe kaunsili ipitie upya uamuzi wa kumtoa ndani ya siku 14 za kupata notisi.

Kinachoponza wengi ni kutofika mahakamani. Nenda na hati za mshahara, barua za Universal Credit (msaada wa fedha wa serikali) na ahadi unayoimudu, yaani kodi ya sasa pamoja na kiasi kidogo cha deni. Usiahidi pauni 20 kwa wiki ukiwa na uwezo wa 5. Ukikosa kulipa, amri ya kuhama ambayo hakimu aliisimamisha kwa sharti la ahadi hiyo huamka.

Tangu Agosti 2023 ushauri wa kisheria ni bure kuanzia siku ya notisi, kipato chochote. Hata madalali wa mahakama wakishapangiwa tarehe ya kukutoa, wahi mahakamani na fomu N244 kuomba wasimamishwe.