Binamu, tuhesabu meli

Binamu,

Salamu kwanza, na za nyumbani pia. Ujumbe wako wa mwisho sikuujibu kwa sababu ulitaka neno moja tu, "samahani", na mimi nilikuwa nayo mengi. Nakuandikia hapa hadharani kwa kuwa na wewe ulisema mbele ya watu.

Siku ya arobaini ulisema mambo mawili kuhusu Vita vya Pili vya Dunia. La kwanza, kwamba Mjapani alikuwa anashinda mpaka alipoangushiwa bomu la atomiki. La pili, kwamba alikuja kuwakomboa Waasia. Hilo la ukombozi nitalirudia. La bomu tulimalize kwa hesabu, na hesabu ulikuwa ukinishinda tangu utotoni, kwa hiyo huna kisingizio.

Mwaka 1941 Japani ilikuwa inanunua Marekani kama asilimia 80 ya mafuta yake. Julai majeshi yake yakaingia kusini mwa Indochina, koloni la Wafaransa. Tarehe 26 Marekani ikazifungia fedha za Japani, na Agosti mafuta yakakatika. Akiba ilikuwa mapipa kama milioni 43. Kuondoka China, walikokwama vitani tangu 1937, majenerali hawakutaka hata kusikia. Yakabaki mafuta ya koloni la Waholanzi, Indonesia ya leo: Palembang kule Sumatra, Balikpapan na Tarakan kule Borneo. Wewe kila mara unaanza na Pearl Harbor, bandari ya manowari za Marekani waliyoishambulia Desemba 1941, kana kwamba ndiko walikokuwa wanakwenda. Pearl Harbor ilikuwa kumfungia jirani mlango kwa nje, asitoke wakati unahamisha mali ya nyumba ya pili.

Na mali waliipata. Askari wa miamvuli walishuka Palembang tarehe 14 Februari 1942, na kesho yake Singapore ikasalimu amri. Kwa mwaka wa kwanza walipanga kuleta nyumbani kilolita 300,000 za mafuta, zikafika kama milioni moja na nusu. Hapo ungewauliza wenyewe wangekwambia vita vimekwisha.

Ila mafuta hayaogelei, Binamu. Turudi nyuma kidogo, tarehe 5 Novemba 1941, kikaoni mbele ya mfalme. Suzuki Teiichi, mkuu wa Bodi ya Mipango, anasoma hesabu. Matumizi ya raia yanahitaji meli za tani milioni 3. Vita vitazamisha tani 800,000 hadi milioni moja kwa mwaka. Tukiunda tani 600,000 kwa mwaka, tutamudu. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza: na adui akizamisha mara tatu ya hizo? Mwaka 1944 peke yake zilizama zaidi ya tani milioni 3 na nusu.

Sababu yake si ujinga. Jeshi lao la majini lililelewa na ushindi wa Tsushima wa 1905 dhidi ya Warusi, likaamini kwamba vita vya baharini huamuliwa siku moja, manowari kwa manowari. Kusindikiza meli za mizigo ikawa kazi ya wazee na meli zao kuukuu. Kamandi kuu ya misafara iliundwa Novemba 1943, vita vikiwa na miaka miwili. Nyambizi zao nazo, ambazo torpedo zao (makombora yaendayo chini ya maji) zilikuwa nzuri, ziliwekwa kuvizia manowari, na baadaye kubeba mchele kwenda visiwani kwa askari wenye njaa.

Usidhani Mmarekani alikuwa bora mwanzoni. Torpedo yake, Mark 14, ilikuwa aibu. Ilizama mita 3 hivi chini ya kina ilichopangiwa, ikapita chini ya meli. Kilipuzi chake cha sumaku kililipuka kabla ya wakati au kikakataa kabisa. Walipokizima, likaibuka la tatu. Tarehe 24 Julai 1943 nyambizi Tinosa iliikuta karibu na Truk, kituo cha Wajapani katika Pasifiki, meli kubwa ya mafuta, Tonan Maru Namba 3, ikaisimamisha. Nahodha akakaa ubavuni pake, pembe mraba kamili, akapiga moja moja kama mtu anayepigilia misumari. Torpedo moja baada ya nyingine ziligonga chuma bila kulipuka. Moja akaibakiza, airudishe ikachunguzwe. Mafundi wa jeshi la majini walizidondosha torpedo kutoka kwenye winchi, mita 27, juu ya bamba la chuma, wakaona: zikigonga sawasawa, nguvu ya mgongano inapinda njia ya pini na pini haifiki kwenye fataki. Zikigonga kwa mshazari zinalipuka. Yaani aliyelenga vizuri ndiye aliyeadhibiwa! Walibadilisha pini, na kuanzia mwisho wa 1943 meli za mafuta zikaanza kwisha.

Na hapa, Binamu, ndipo uliponiudhi kwa kusema Mombasa haikuwa na lake katika vita vile zaidi ya kupakia askari. Aprili 1942 ndege za admirali Nagumo wa Japani zilipoipiga Colombo, Sri Lanka ya leo, Waingereza walilihamishia Kilindini kundi lao la manowari, pamoja na wavunja lugha za siri wao. Hao waliwekwa katika shule ya Allidina Visram. Kazi yao mojawapo ilikuwa lugha ya siri ya meli za mizigo za Japani, iliyoitwa JN-40. Kwa miezi walidhani ni kitabu cha maneno kilichoongezewa tarakimu juu. Septemba 1942 Mjapani mmoja alikosea katika kutuma ujumbe, kosa likawafumbua macho: kila alama inageuzwa kuwa tarakimu mbili kutoka kwenye jedwali la 100, tarakimu zinapangwa kwa mistari, kisha zinasomwa kwa safu zilizovurugwa. Ikifika Novemba walikuwa wanazisoma za zamani na kila mpya inapoingia. Meli ikitaja mahali ilipo, adui naye anajua pa kuisubiri.

Machi 1945 ndiyo meli za mwisho za mafuta kutoka kusini zilipofika Japani. Wanavijiji na watoto wa shule walikuwa tayari wanachimba mizizi ya misonobari ili ikamuliwe mafuta ya ndege, kwa wito kwamba mizizi 200 itairusha ndege moja kwa saa nzima. Bomu la Hiroshima lilianguka tarehe 6 Agosti. Lilimkuta mtu aliyekwishakatwa pumzi.

Sasa lile nisilolisamehe. Nilipoitaja Khedive Ismail ulisema, "Ah, meli moja tu."

Meli moja. Ilitoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, na watu zaidi ya 1,500, karibu elfu moja wao wakiwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi pia. Tarehe 12, alasiri, karibu na Maldives, nyambizi I-27 ikaipiga torpedo mbili, ikazama ndani ya dakika kama mbili. Nyambizi ikajificha chini ya waliokuwa wanaelea. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zilijua ingeweza kupiga meli nyingine. Petard ikapita katikati ya watu waliokuwa wananyoosha mikono, ikaangusha mabomu ya maji. Nyambizi iliishia kuzamishwa, kwa torpedo ya saba. Waliokufa ni 1,297. Walikuwamo waliokuwa wanaongea Kiswahili humo baharini, Binamu, nawe ukawahesabu kwa kidole kimoja.

Kuhusu ukombozi, wasome wenyewe. Tarehe 20 Novemba 1941, kabla ya risasi ya kwanza, Tokyo iliandika kazi za utawala wa kusini: utulivu, mali ghafi kwa haraka, na jeshi kujilisha papo hapo. Harakati za uhuru zisichochewe mapema. Burma na Ufilipino zilipewa uhuru wa jina mwaka 1943. Sumatra, Java, Borneo na Malaya, penye mafuta na mpira, Mei mwaka ule ziliamuliwa kuwa mali ya Japani moja kwa moja. Reli waliyoijenga, ya kilomita 415 kati ya Siam (Thailand ya leo) na Burma, iliua makumi ya maelfu ya vibarua wa Kiasia, wengi kuliko wafungwa wa kizungu. Mzungu alikuwa mkoloni, hilo hatugombani. Mimi nilikataa tu umpe jirani yake kilemba.

Ushauri wangu ni kwamba ukiisoma tena vita ile anza na tani, bendera ziache kwanza. Nilikukatiza mbele ya wakwe, ni kweli. Lakini ningenyamaza wangeondoka wanaamini, na wewe unajua wanavyokuamini wewe kuliko mimi. Sauti nilipandisha kwa sababu ya kipaza sauti. Basi, hata hilo silo kweli yote.

Atilasi yako bado iko kwangu. Njia ya Mombasa hadi Colombo nimeichora kwa penseli, inafutika. Njoo uichukue, au nitumie mtoto.