Usitie saini kwanza, mwanangu

Kwa mwanangu Khamis,

Assalamu alaykum warahmatullah. Huku sote wazima, alhamdulillahi, na dua zetu zote ziko kwenye mguu wako.

Picha ya ile karatasi aliyokuletea wakala wa bima ya gari lililokugonga nimeipata. Nimeikuza kwenye simu nikaisoma mstari kwa mstari, na mstari wa chini kabisa ndio ulionikosesha usingizi: “Nimepokea kiasi hicho kikiwa ni malipo kamili na ya mwisho, wala sitakuwa na dai jengine lolote kutokana na ajali hii, sasa wala baadae.” Mwanangu, usitie saini. Hata kama huyo wakala ni kijana mpole na kakuletea matunda. Hata kama shilingi 1,500,000 unaziona nyingi kwa sababu kodi ya chumba imefika. Usitie saini wala dole gumba.

Sikukatazi kulipwa. Nakukataza kulipwa leo kwa mguu ambao daktari mwenyewe hajajua utaishia wapi. Chuma bado kimo ndani ya muundi, na umesema vidole viwili huvihisi vizuri. Basi hivyo vidole nani kavitia kwenye hesabu ya hiyo milioni na nusu? Kwenye karatasi havimo. Lakini ukitia saini, navyo umeviuza.

Nilipokuwa karani wa mahkama hapa Wete alikuja mtu wa shamba, aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli. Pesa za bima alikwishapokea mwezi wa pili baada ya ajali, na dole gumba akatia. Baadae mfupa ukaanza kutoa usaha, akapasuliwa upya, akauza mikarafuu yake kulipia. Akaja mahkamani na mfuko wa nailoni umejaa risiti, kazipanga kwa tarehe, kila rundo kalifunga kwa ukindu. Wakili wa upande wa pili hakuzitazama hata moja. Alitoa karatasi moja tu yenye lile dole gumba. Mimi ndiye niliyeipokea na kuigonga muhuri wa kielelezo. Yule bwana aliniangalia mimi, si hakimu, kama kwamba mimi naweza kuirudisha.

Kwa hivyo usiniambie baba una wasiwasi mwingi.

Juzi nimekwenda Chake, Kituo cha Huduma za Sheria, nikakaa na kijana mmoja msomi nikamsomea khabari yako yote. Aliloniambia kwanza ni kuwa wewe una madai mawili, na umeyachanganya yakawa moja.

La kwanza ni la kazi. Ulikuwa ndani ya kirikuu, kile kigari cha mizigo cha tajiri wako, unapeleka mabati kwa mteja, saa ya kazi. Huko Bara iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, umeanza mwaka 2015. Haifiki huku kwetu, Zanzibar tuna sheria yetu, lakini wewe umeumia Bara kwa kazi ya Bara. Mwajiri ndiye anayeuchangia Mfuko, mshahara wako haukatwi hata senti. Mfuko hulipia matibabu. Siku usizoweza kufanya kazi hulipa asilimia 70 ya mshahara wako, kwa muda usiozidi miezi 24. Kukibaki ulemavu wa kudumu, daktari huupima na kuuandika kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Umeona sasa kwa nini nasema usubiri? Hiyo asilimia bado haijaandikwa.

Lakini huku nako usilale. Ajali inatakiwa ifike kwenye Mfuko ndani ya miezi 12. Tajiri wako ndiye wa kuipeleka taarifa, na haraka, siyo atakapojisikia. Akikwambia “tutayamaliza wenyewe”, nenda wewe na vyeti vyako, au mtume mwenzio akuulizie. Huko si kumshitaki.

Najua hapo ndipo unapoona haya. Umeniandikia kuwa mzee kakufanyia wema, kakupa kazi hujui mtu Dar, Idi kakununulia kanzu. Mungu amlipe. Wema wake mrudishie kwa uaminifu, na uaminifu unao, hilo sina shaka nalo; mtoto aliyemwezekea mamake nyumba kwa bati akiwa na miaka ishirini na kidogo, sisi huku tunatembea tumenyanyua kichwa kwa ajili yake. Ila mguu wako usiugeuze shukurani. Na hilo la kufanya kazi muda wote huo bila ya mkataba wa maandishi, Khamis, nilikwambia. Nilikwambia kwa simu na nikakwambia ulipokuja Ramadhani. Ukacheka. Sasa ushahidi wa mshahara wako ni zile meseji za pesa anazokutumia kila mwisho wa mwezi. Usizifute. Simu ikijaa, futa picha za mpira.

Dai la pili ni la yule mwenye fuso, ambaye ndiye aliyewagonga. Gari lolote barabarani lazima liwe na bima, angalau ile bima ndogo, na kazi ya bima ndogo ndiyo hiyo hasa: kumlipa mtu wa nje aliyeumizwa na gari. Ukiandika namba ya gari kwenye TIRAMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaona kampuni gani imetoa bima na inaisha lini. Mwambie Mwanaisha akufanyie, yeye mwepesi wa mambo hayo. Piga picha ukurasa huo uweke.

Kisha karatasi. PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, ndiyo mama wa zote, hakikisha nakala unayo na daktari kaijaza sehemu yake kwa maandishi yanayosomeka. Iko ripoti ya trafiki na mchoro wa ajali, iko ripoti ya ukaguzi wa magari. Iko karatasi ya kuruhusiwa hospitali, picha za eksirei, kila risiti ya dawa, ya magongo, ya bajaji ya kwendea kliniki. Usiseme hii ni shilingi 3,000 tu. Mahkamani gharama ulizotoa mfukoni huitwa fidia maalumu, na hiyo lazima uitaje na uithibitishe moja moja. Usichokuwa na risiti yake hakimu hakupi, hata akikuonea huruma. Maumivu, usingizi unaokosa, mpira ambao huenda usiucheze tena, hiyo ni fidia ya jumla na hakimu huipima mwenyewe. Ndiyo maana nataka uandike kidogo kidogo kwenye daftari: leo nimeweza kwenda msalani peke yangu, leo sikuweza. Andika wewe mwenyewe, kwa mkono wako na kwa tarehe, hata kama ni mstari mmoja.

Watakuuliza kama ulifunga mkanda. Sema kweli. Ikionekana na wewe una sehemu yako ya uzembe, fidia hupunguzwa kwa kadiri hiyo, haifutwi. Mwongo ndiye anayekosa yote.

Na wakala anapokwambia pesa zinarudi kampuni Jumatatu, usibabaike. Sheria ya Ukomo ya Bara inatoa miaka 3 kwa dai la namna hii, tangu siku ya ajali. Jumatatu ni yake yeye, siyo ya sheria. Mjibu kwa adabu: “Nashukuru, nasubiri ripoti ya mwisho ya daktari.” Neno hilohilo, usiongeze. Akitaka kukupa kitu kidogo cha matibabu sasa hivi, kiandikwe wazi kuwa ni sehemu ya malipo na dai linaendelea, na hiyo karatasi unitumie kabla hujaigusa kwa kalamu. Kampuni ikikuzungusha, TIRA hupokea malalamiko.

Huyo “wakili” aliyekufuata wodini akataka theluthi na nakala ya kitambulisho chako, mkimbie. Vishoka wamejaa huko. Wakili wa kweli jina lake limo kwenye e-Wakili, orodha ya Mahakama, unalitafuta unaliona. Na mapatano ya malipo yake yawe kwa maandishi.

Ami yako anasema tusamehe, ajali ni kadari. Mimi sibishani naye juu ya kadari. Yule dereva nimeshamsamehe, na wewe msamehe kwa moyo safi, amekuja kukuona hospitali na mkewe, si kila mtu hufanya hivyo. Lakini kampuni ilikula pesa ya bima mwaka mzima kwa ajili ya siku kama ile. Kudai hapo hakuna dhambi wala kukosa haya. Hata wachumaji wanaoanguka mikarafuuni siku hizi hupata fidia kutoka Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, na hakuna anayesema wamekufuru.

Mamako anataka uje Pemba uchuliwe na yule bibi wa kule Mtambwe. Nimemwambia bado. Siyo kwamba namdharau bibi, mkono wake naujua. Ila ukikosa kliniki mara mbili tatu, faili lako litaandikwa kuwa mgonjwa hakufuata matibabu, na hilo ndilo watakalolishika: mguu umekaa vibaya kwa uzembe wake mwenyewe. Maliza kliniki, upate ripoti, kisha uje ukae utakavyo. Yeye hakulipokea vizuri, toka jana ananijibu kwa ndiyo na siyo. Mpigie umtulize, lakini usimwambie mimi ndiye niliyekutuma.

Na kulala hospitali siku zote zile sisi tunadhani uko safarini na mzigo, khabari tukaja kuisikia kwa mtoto wa jirani dukani! Mamako alikuwa na unga mkononi. Sitalirejea hili, lakini sijalisahau. Na kilichokupeleka Dar mapema vile, ungali mdogo, nakijua vizuri. Tuyaache hayo.

Karafuu mwaka huu si mbaya. Ile mikarafuu ya kwa babu imebeba, lakini wachumaji wamepanda bei, na mvua inatushika majamvini. Jana tumekusanya mara mbili na kuanika upya. Tukipeleka mzigo wa mwanzo ZSTC, shirika linalonunua karafuu, nitakutumia pesa ya chumba, kwa hivyo kodi isikusukume kwenye ile karatasi. Mwambie mwenye nyumba anipigie mimi. Paipu ya uani imepasuka tena, nimeifunga kwa mpira wa baiskeli. Mdogo wako Salma anafanya mtihani wa kidato cha nne, anauliza kama ile kalkuleta yako bado unaitaka. Mwache aichukue.

Kuna kijana wa Konde anavuka kwa meli wiki hii, nimempa halua, kopo la samli na mikate ya mofa, na bahasha kubwa ya khaki ya kutilia vyeti vyako. Vyeti viwe humo, siyo chini ya godoro. Kabla hujavitia, vipige picha vyote unitumie, PF3 iwe ya kwanza.

Ijumaa umesema wakala anarudi. Nipigie kabla hajafika, na akifika iweke simu wazi nimsikie. Na kalamu akija nayo aondoke nayo.

Babaako,
Wete, Pemba