Anti, safari ilikuwa yangu au ya mpira?

Shikamoo Anti. Naandika saa kumi usiku, nimekaa sebuleni, namsikia baba watoto anavyokoroma chumbani kama mtu asiyedaiwa. Usije ukanijibu kama wifi yangu. Yeye kanicheka, kasema wenzio waume zao wanapeleka michepuko Dar, wewe umepelekwa mke wa ndoa, unalalamika nini? Sijalalamikia safari mimi. Nalalamikia tiketi.

Ndoa ya miaka kumi unaijua. Ada, LUKU, msiba huu, harusi ile. Tukisafiri ni kwao au kwetu, watoto nyuma na kuku kwenye buti. Kwa hiyo aliponiambia jioni moja, "Mama, mwisho wa mwezi twende Dar, mimi na wewe tu, watoto wabaki na mdogo wako," nilijiona bibi harusi. Nikashona gauni. Mgao wa kikoba ulikuwa umetoka, nikasema nauli naitoa mimi: treni ya SGR kutoka hapa Dodoma ni 31,000 kwa mtu, wawili kwenda na kurudi 124,000. Hakuniomba, nilitoa kwa moyo wangu na sidai. Ingawa hela ile nilikuwa nimeipangia cherehani.

Na nisiwe mnyimi wa fadhila, Ijumaa ilikuwa nzuri. Tulipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa madirisha yakawa meusi, akanishika mkono. Mtu ambaye hapa mtaani tukitoka hunitangulia mpaka nadhani kanisahau! Usiku akanipeleka Coco Beach, tukala mihogo ya kukaanga na mishikaki, pilipili ikanichoma, akawa ananipulizia mdomoni. Mbele za watu, Anti. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Hoteli ndiyo ilinitia maswali. Chang'ombe. Nani anampeleka mkewe kustarehe Chang'ombe? Watu wa Temeke mnisamehe, lakini bahari iko Oysterbay, iko Kigamboni, iko Kunduchi. Nikamuuliza, akasema bei nafuu. Nikanyamaza.

Jumamosi tulikubaliana kisiwa cha Mbudya. Nilishanunua na kofia. Kulipokucha akasema mpaka tufike Kunduchi tukapande boti ni mbali, foleni itatuchelewesha, tuvuke tu Kigamboni na pantoni. Itatuchelewesha wapi, na siku nzima ni yetu? Pale Feri akatoa N-Card, ile kadi ya kulipia nauli na viingilio, akaigusisha mara mbili, tukapita. Nikamuuliza, wewe mtu wa Dodoma N-Card ya nini? Akacheka. "Ya pantoni."

Saa saba tumerudi hotelini. Saa nane anatoka bafuni kavaa jezi, ile ile niliyoikunja mwenyewe kwenye begi nikidhani ya kulalia. Kumbe siku hiyo ni Simba na Yanga, Uwanja wa Mkapa, saa kumi na moja jioni. Akasema kuna rafiki yake kapata dharura, kamwekea tiketi kwenye kadi asubuhi hiyo hiyo, bahati kama hiyo hairudi, na yeye hakawii. Kadi ile ile, Anti. Kwenye pantoni ilitutosha wawili, uwanjani ikawa ya mtu mmoja.

Mimi sipendi mpira. Mpaka leo sijui kuotea ni kitu gani. Lakini uwanja unaoingiza watu 60,000, mimi ndiye nikose kiti? Ningekataa, najua ningekataa, lakini angeniuliza.

Nikabaki. Uwanja uko pale pale jirani, goli lilipoingia kelele zilinifikia dirishani kabla runinga ya mapokezi haijaonyesha. Ndiyo, nilishuka mapokezi, nikaangalia na mlinzi na dada wa usafi, ulitaka nifanye nini? Nikajikuta nashangilia timu isiyo yake kwa hasira. Amerudi saa nne usiku, sauti imekauka, kajitupa kitandani na jezi yake. Gauni halikutoka begini. Jumapili tukapanda treni. Mbudya naiona kwenye picha za watu.

Hata hivyo nilishaimeza. Bahati ni bahati. Lakini juzi umeme umekata, yeye yuko bafuni, ananiambia angalia tokeni kwenye simu yangu. Sikupekua, na hili naomba ulishike vizuri, mimi si mwanamke wa kupekua simu. Natafuta meseji ya LUKU, nakutana na meseji ya tiketi ya mechi. Kalipia mwenyewe. Nikaangalia tarehe, ni kabla ya jioni ile ya "mimi na wewe tu." Hakuna rafiki, hakuna dharura. Tiketi ilitangulia, mimi nikafuata, na nauli ya kumfikisha mpirani nimetoa mimi!

Nikamsomea tokeni kupitia mlangoni, tarakimu zote 20, sauti haikutetemeka hata kidogo. Tangu hapo nampikia, namjibu, ila sicheki. Akiniuliza una nini nasema kichwa.

Wifi anasema mwanamume kupenda mpira siyo dhambi. Nani kasema dhambi? Angeniambia, "Mama, kuna mechi, twende Dar, nitaingia uwanjani halafu Jumapili yote yako," ningemfungashia na chapati. Sikuhitaji kudanganywa ili nitoe nauli. Au labda ningenuna, sijui. Lakini hiyo tiketi, Anti, kwa nini moja?

Sasa kwa kuwa ananiona nimepoa, anasema nimechoka na kazi, mwanzoni mwa Januari twende Zanzibar tukapumzike, kila mtu achangie. Sitaki. Hela ya kikoba safari hii ni ya cherehani na nimekula kiapo. Ila kwa vile Zanzibar sijawahi kufika, nikamuuliza tu mdogo wangu, kijana wa mpira yule, Januari Zanzibar kuna nini? Akajibu hata hakufikiri: "Kombe la Mapinduzi, dada." Nilikaa chini.

Labda safari hii hana habari na kombe lolote. Labda ni mimi sasa naona jezi kila mahali. Nikimwonyesha ile meseji atasema nilipekua simu, na kesi itanigeukia mimi, namjua. Nisipomwonyesha nitakwenda Zanzibar nikihesabu vitu kwenye begi lake. Nimwambie twende lakini anunue tiketi mbili? Nitakaaje uwanjani mimi?

Kinachoninyima usingizi hasa si hata Januari. Ni pale Kilosa. Mtu akishaipanga safari kwa ajili ya mechi, ule mkono aliokushika kwenye handaki ni wa mapenzi, au ni wa kukulainisha mapema? Wewe umeona ndoa nyingi, niambie, nitakuamini.

Barua hii ukiitoa, badilisha jina la Chang'ombe, maana huwa anakusoma. Au basi, liache tu.