Kwa Mpwa Wangu Anayechora Roketi kwa Mchezo wa Kompyuta

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha ulizonitumia kwa simu nimezipata na nimezihamishia kwenye kompyuta ili nizikague vizuri. Ninakujibu hadharani kwa sababu wapo wenzako wengi hapa Nairobi wanaofanya kazi kama yako na ambao wataulizwa maswali yale yale. Umeunda katika mchezo wa Kerbal Space Program chombo cha kubeba mtu mmoja, ukakirusha, ukakipiga picha kikiizunguka sayari, na sasa unataka kuzibandika picha hizo kwenye ubao wa maonyesho ya sayansi zikiwa vielelezo vya chombo halisi ambacho watu wasio na serikali nyuma yao wanaweza kukijenga ili kiizunguke Dunia. Silipingi wazo hilo hata kidogo, kwani mimi mwenyewe sijaona njia rahisi zaidi ya kumweleza mgeni jinsi roketi inavyopangwa kuanzia injini hadi ncha. Ombi langu ni kwamba kila picha iandamane na hesabu ya Dunia hii yetu, kwa maana mchezo ule una dunia yake, nayo ni ndogo mno.

Sayari ya Kerbin, ambako roketi zako huruka, ina nusu kipenyo cha kilomita 600, ilhali Dunia ina kilomita 6,371. Mvutano juu ya uso umewekwa kuwa sawa na wa kwetu, kwa hiyo roketi huonekana ikinyanyuka kwa uzito ule ule tuliouzoea, na hapo ndipo jicho linapodanganyika. Ili kuizunguka Kerbin kwa karibu bila kuanguka, chombo kinahitaji kasi ya takriban mita 2,300 kwa sekunde. Kuizunguka Dunia kunahitaji takriban mita 7,800. Ukijumlisha kasi inayopotea kwa kupambana na mvutano na hewa wakati wa kupanda, roketi ya mchezoni inapaswa kuwa na uwezo wa kujiongezea takriban mita 3,400 kwa sekunde, na ya Dunia takriban 9,400.

Sasa chukua kalamu. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alichapisha mwaka 1903 kanuni ambayo hakuna mjenzi wa roketi aliyewahi kuikwepa: kasi ambayo roketi hujiongezea ni sawa na kasi ya moshi unaotoka kwenye injini, mara logi asilia (kitufe cha "ln" kwenye kikokotoo) ya tungamo la roketi ikiwa imejaa mafuta likigawanywa kwa tungamo lake mafuta yakiisha. Tuseme moshi wa injini yako unatoka kwa mita 2,500 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha heshima kwa injini ya watu wa kujitolea. Roketi yako, kwa jinsi ninavyosoma takwimu zilizo pembeni mwa picha, ni robo tatu mafuta, yaani uwiano wake ni 4 kwa 1. Logi asilia ya 4 ni 1.386, kwa hiyo unapata takriban mita 3,466 kwa sekunde. Ndiyo maana ilifika kwenye mzingo wa Kerbin, yaani njia ya kuizunguka bila kuanguka, ikiwa na mafuta kidogo yaliyobaki. Kwa Dunia, roketi ya hatua moja, yaani isiyodondosha sehemu yake yoyote njiani, yenye injini hiyo hiyo ingehitaji uwiano wa karibu 43 kwa 1. Katika kila tani 100 zinazosimama kwenye jukwaa, zaidi ya tani 97 zingekuwa mafuta, na katika kile kidogo kinachobaki ungetakiwa utoe tangi, injini, mabomba, mapezi, kapsuli, miavuli, na huyo mtu wako.

Umeandika kwamba chombo kitarushwa kutoka Ngomeni, karibu na Malindi, na hilo limenifurahisha, kwa sababu ni mahali penye historia ya kweli. Ni kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini pale ambapo setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei za angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Kuwa karibu na Ikweta kuna faida, kwani ardhi ya pale inazunguka kuelekea mashariki kwa takriban mita 464 kwa sekunde na roketi huipata kasi hiyo bure. Lakini itazame roketi iliyoibeba Uhuru. Iliitwa Scout, ilikuwa na hatua nne za mafuta makavu, na mzigo wenyewe haukufika kilo 150. Hatua nne, mpwa wangu, kwa mzigo usio na mtu anayepumua ndani yake! Mkaguzi yeyote anayeijua habari ya San Marco atakiangalia chombo chako cha hatua moja, kisha atakuangalia wewe.

Hata hivyo usikivunje. Chombo chenyewe ni kizuri. Kasoro iko kwenye maelezo uliyoandika chini ya picha. Ukikirusha wima kutoka Dunia kwa uwezo ule ule wa mita 3,466, hakitaingia kwenye mzingo, lakini kitapita kilomita 100, ambako wengi huhesabu kuwa ndiko anga za mbali zinakoanzia, kisha kitarudi chini. Bila hewa wala hasara nyingine, kupanda kilomita 100 kunadai kasi ya mita 1,400 tu kwa sekunde. Huko ndiko watu wa kujitolea wanakofika kweli. Tarehe 17 Mei 2004 kundi la Wamarekani la CSXT lilivuka mpaka huo kutoka jangwa la Black Rock, Nevada, na mwaka 2019 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California wakauvuka kwa roketi yao iitwayo Traveler IV. Copenhagen Suborbitals wa Denmark, wanaojenga kwa michango na kazi ya jioni baada ya ajira zao, wanaiandaa roketi ya Spica ili imrushe mtu mmoja juu ya kilomita 100 na kumrudisha. Spica ni ya hatua moja. Kwa maneno mengine, bila kukusudia umechora jamaa wa Spica, ukamwandikia jina la mtu mwingine.

Jambo la pili ni ukubwa wa abiria. Viumbe wa kijani wa mchezo huo hawafiki urefu wa mita moja, na kapsuli uliyotumia ina upana wa mita 1.25. Kapsuli ya Mercury, iliyowabeba Wamarekani wa kwanza, ilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 chini, na wenyewe walilalamikia kubanwa. Wadenmark hao walipoijaribu kapsuli yao ya Tycho Brahe mwaka 2011 waliibana hadi takriban sentimita 64 kwa kumsimamisha abiria wima, ingawa siku ile abiria alikuwa mwanasesere. Kwa hiyo chora pembeni mwa picha yako umbo la mtu mzima kwa kipimo sahihi. Fundi cherehani wetu wa mtaani hubandika ukutani picha za kalenda za mitindo na mteja huchagua kwa kidole, lakini kitambaa hakikatwi kabla tepu haijazungushwa kiunoni.

Tycho Brahe inafaa kukaa kwenye ubao wako kwa sababu nyingine pia. Ilirushwa tarehe 3 Juni kutoka jukwaa linaloelea katika Bahari ya Baltiki, ikapanda takriban kilomita 2.8, na kapsuli ilipojitenga mwavuli ukachanika kwa nguvu ya hewa. Ikapiga maji na kubonyea. Hapa mchezo unakusaidia kuliko maneno. Ile orodha ya alama iliyo kando ya skrini, inayoonyesha kitakachowaka au kufunguka kila unapobonyeza kitufe, inamwonyesha mtazamaji kwa nini mwavuli haupaswi kufunguliwa kwa mbonyezo mmoja na kifaa cha kutenganisha wakati chombo bado kinakwenda kasi. Piga picha ya orodha hiyo kwa karibu, iwe na ukubwa wa nusu ya karatasi.

Piga pia picha ya ile mipira miwili ya karakana ya mchezo: wa manjano na mweusi unaoonyesha kitovu cha uzito, na wa buluu unaoonyesha nguvu ya hewa kwenye mapezi inapokutana. Wajenzi wa roketi ndogo hutaka kitovu cha nguvu ya hewa kiwe nyuma ya kitovu cha uzito kwa umbali usiopungua upana mmoja wa roketi. Katika picha yako ya tatu mipira hiyo imekaribia kugusana. Iliruka salama kwa sababu kapsuli ya mchezo ina magurudumu ya ndani ya kukigeuza chombo yenye nguvu kupita kiasi, ambayo hakuna duka linalouza. Ongeza ukubwa wa mapezi ya chini, uyazime magurudumu hayo, kisha urushe tena.

Mengine nayapitia haraka. Matangi ya mchezo ni mazito: tangi lililojaa lina uzito mara tisa ya tangi tupu, na tangi halisi hufanywa kuwa jepesi zaidi ya hapo. Injini za mchezo huwaka na kuzimika kadiri upendavyo, na oksijeni yake haichemki, ilhali oksijeni kimiminika huchemka kwa nyuzi 183 chini ya sifuri na huanza kupotea mara inapotiwa kwenye tangi. Ukitaka kuyapunguza haya, zipo nyongeza za bure ziitwazo Real Solar System na Realism Overhaul, zinazoweka Dunia kwa ukubwa wake na injini kwa tabia zao, ila zitaichosha kompyuta yako ya zamani, nami singependa ununuliwe nyingine kwa ajili hiyo.

Basi chini ya kila picha andika mistari mitatu: uwiano wa tungamo, kasi ya moshi uliyoikadiria, na kimo ambacho chombo kingefika kikirushwa kutoka Ngomeni halisi. Neno "mzingo" liondoe kwenye kichwa cha ubao. Nitumie faili ya chombo chenyewe badala ya picha pekee, ili nikipime tangi kwa tangi kabla hujachapisha, kwani uchapishaji wa rangi pale mjini si wa bei ya kurudia.

Mjomba wako,
Nairobi