Barua ya wazi kwa walimu vijana: tafuteni mlango wa kutokea kabla hamjaingia

Wanangu walimu,

Salaam. Barua hii ni yenu ninyi mnaokesha mkijaribu zana mpya za mtandaoni: leo programu ya chemsha bongo, kesho ubao wa kubandika maoni, keshokutwa akili mnemba ya kuandika maandalio ya somo. Bidii hiyo sitaki ipoe. Ninachowaomba ni kuupindua mpangilio wake. Wengi wenu hufungua akaunti kwanza, kisha huitafutia kazi darasani, na muhula ukiisha mna akaunti kumi na mbili, nywila moja kwa zote, na alama za wanafunzi zimetapakaa mahali ambapo hamwezi tena kuzikusanya.

Anzeni pale wanafunzi wanapokwama. Chukueni karatasi, andikeni sentensi moja tu inayotaja mada na kosa lenyewe. Kama tatizo ni kwamba hamjui nani ameelewa mpaka siku ya mtihani, mnahitaji zana ya maswali ya papo kwa papo. Kama wanaelewa leo na kusahau baada ya wiki mbili, mnahitaji kadi za marudio. Kama jambo lenyewe halionekani kwa macho, mathalani umeme unavyopita kwenye waya, mnahitaji maabara ya kuigiza. Sentensi isipoandikika, zana hiyo hamjaihitaji. Na ikiandikika, zana moja kwa muhula inatosha, kwa sababu kipindi cha kwanza cha zana yoyote huliwa na kuingia: mmoja kakosea msimbo, mwingine simu imezima, wa tatu yuko kwenye ukurasa mwingine kabisa. Tengeni dakika 15 za hayo, na siku hiyo msifundishe mada ngumu.

Sasa huo mlango wa kutokea, yaani njia ya kutoa kazi yenu kwenye zana kabla haijafungwa. Wikispaces, ambako walimu wengi walikuwa na kurasa za madarasa yao, ilifungwa mwaka 2018. Edmodo, mtandao wa madarasa, ilifungwa Septemba 2022. Jamboard, ubao wa kidijitali wa Google, iliondolewa mwishoni mwa 2024, na mwaka huohuo Microsoft iliifunga Flip, zana ya video fupi za wanafunzi, kama huduma ya kujitegemea. Hizi hazikuwa zana mbovu wala za vichochoroni. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kuweka kazi ya mwaka mzima, tengenezeni swali moja, lijibuni wenyewe, kisha tafuteni kitufe cha kupakua. Je, matokeo yanatoka kama faili la CSV linalofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali? Hati inatoka kama PDF au DOCX? Fungueni faili hilo kwenye kompyuta nyingine. Likikataa, au kitufe kikiwa kwa wanaolipa tu, itumieni zana hiyo kwa mazoezi ya siku moja na msihifadhi kitu humo.

Nitakaa kidogo kwenye fomu za maswali, maana hapo ndipo mwalimu anapata faida kubwa kwa kazi ndogo. Kwenye Google Forms, ingieni mipangilio, geuzeni fomu iwe jaribio, kisha kwa kila swali wekeni jibu sahihi na alama zake. Chagueni alama zitolewe baadaye, mkishakagua. Zikitoka papo hapo, wa kwanza kumaliza anawagawia wenzake majibu kabla hawajafika swali la tatu.

Maswali yawe 5 hadi 10. Kazi ngumu iko kwenye majibu ya uongo, na hapo ndipo wengi mnapofanya haraka. Chukueni 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6. Mwanafunzi anayechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Anayechagua 2/6 amepata asili ya pamoja lakini amesahau kubadili kiasi. Anayechagua 1/6 amezidisha. Kila jibu la uongo likibeba kosa linalojulikana, safu moja ya matokeo inawaambia kesho nani akae na nani, na kila kundi lifundishwe nini. Mkijaza namba za kubahatisha kama 7/9, mtajua idadi ya waliokosa tu, na hiyo hata karatasi na kalamu zingewapa.

Fomu hizi zina mitego yake. Swali la jibu fupi husahihishwa kwa kulinganisha maandishi: mkiweka 0.5 peke yake, aliyeandika 1/2 au «nusu» amekosa, ingawa kapata. Orodhesheni sura zote mnazozikubali, au fanyeni swali liwe la kuchagua. Mipangilio ya kumruhusu kila mtu kujibu mara moja tu humlazimisha mwanafunzi kuingia na akaunti ya Google. Watoto wawili wakitumia simu moja, wa pili anafungiwa nje, na mtadhani hakufanya. Swali la kupakia faili nalo linadai akaunti, na picha zote zinaingia kwenye hifadhi ya mwalimu. Hifadhi ya bure ya Google ni GB 15 kwa barua pepe, faili na picha kwa pamoja. Wanafunzi 40 wakileta picha ya MB 5 kila mmoja, ni MB 200 kwa zoezi moja. Wafundisheni kupunguza picha kabla ya kuituma. Upana wa pikseli 1,280 unatosha kusoma ukurasa wa daftari.

Jina pia ni tatizo. Mtoto yuleyule leo anaandika majina mawili, kesho moja, keshokutwa jina la utani, na jedwali lenu linakuwa na watu watatu. Msitatue hilo kwa kuweka orodha ya majina ya darasa ndani ya fomu, kwa kuwa yeyote atakayepata kiungo ataisoma yote. Wapeni namba fupi, na orodha ya namba na majina ikae kwenu, nje ya mtandao.

Kuhusu viungo vya hati, somo ni fupi. Ruhusa ya kuhariri ikitolewa kwa kila mwenye kiungo, mmoja atafuta kazi ya wote, mara nyingi bila kukusudia. Historia ya matoleo itairudisha, lakini kipindi kitakuwa kimekwisha. Toeni ruhusa ya kutazama tu. Mkitaka kila mwanafunzi awe na nakala yake, mwishoni mwa anwani ya hati futeni neno edit na yote yanayolifuata, andikeni copy mahali pake: atakayebofya ataombwa kutengeneza nakala. Kisha jaribuni kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari kabla ya kukituma. Kwenye akaunti yenu kila kitu hufunguka, ndiyo maana kosa hili halionekani mpaka darasa zima linyooshe mikono.

Zana za mashindano kama Kahoot watoto wanazipenda, na si vibaya. Jueni tu kwamba zinampa alama nyingi zaidi anayejibu haraka, na muda wa kawaida wa swali ni sekunde 20. Kwa kutambua msamiati inafaa. Kwa hesabu ya hatua tatu, inamfundisha mtoto kubahatisha na kumwaibisha anayesoma polepole. Ongezeni muda hadi sekunde 60 au 90, au ondoeni alama kwenye maswali hayo.

Kama wanafunzi hawana simu, msijihesabu mmeachwa nyuma. Plickers inahitaji kifaa kimoja tu, cha mwalimu. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye umbo lake la pekee. Seti ya kawaida ina kadi 40. Upande anaouelekeza juu ndio jibu lake, A, B, C au D, na herufi zimechapwa ndogo hata jirani hawezi kuibia. Mwalimu anapitisha kamera ya simu mbele ya darasa, majibu yanasomwa. Yanayoharibu ni madogo: plastiki inayong'aa hurudisha mwanga na kamera haioni kitu, kidole kikifunika umbo, kadi haisomeki, na kadi zikigawiwa ovyo siku ya pili, alama za huyu zinakwenda kwa yule. Bandikeni kadi nyuma ya daftari, namba ileile mwaka mzima.

Video ndiyo inayokula intaneti, kwa hiyo pigeni hesabu kabla. Video inayopita kwa megabiti 1 kwa sekunde (megabiti 8 ni MB 1) hutumia MB 7.5 kwa dakika, yaani MB 75 kwa dakika kumi. Wanafunzi 40 wakiifungua kwa wakati mmoja mnahitaji mtandao wa megabiti 40 kwa sekunde, na simu mliyowasha isambaze intaneti pengine haipokei vifaa zaidi ya 10. Pakueni kipande kinachoruhusiwa kupakuliwa, kionyesheni mara moja kwa wote. Maabara za kuigiza za PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, nyingi hupakuliwa kama faili moja na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Ila kabla ya kubofya chochote, kila mtoto aandike anachotabiri: balbu ya pili ikiungwa kwa mfuatano, ya kwanza itafifia, itaongezeka mwanga, au itabaki ilivyo? Bila utabiri huo, kipindi kinageuka kuwa mchezo wa kuunga waya.

Sasa akili mnemba, ambayo najua ndiyo mnayoisubiri. Itumieni kuandaa rasimu, na iambieni wazi: darasa gani, mada gani, kosa gani la wanafunzi, maswali mangapi. Ombi la «niandikie maswali ya sehemu» litaleta makapi. Kisha jibuni kila swali wenyewe kwa kalamu kabla halijafika darasani, kwa kuwa zana hizi hukosea hesabu kwa sauti ileile ya uhakika zinayotumia zinapopatia, na hubuni vitabu na waandishi ambao hawapo. Msibandike humo majina ya wanafunzi, alama zao, wala barua za wazazi wao.

Na hili nalisema kwa uchungu: msimwadhibu mtoto kwa sababu programu ya kugundua maandishi ya mashine imemshuku. OpenAI yenyewe, iliyotengeneza ChatGPT, iliiondoa zana yake ya kugundua Julai 2023 kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Mkishuku, mwiteni mtoto, mwombeni aeleze aya mbili za kazi yake kwa mdomo. Dakika tano zinatosha kujua, na hakuna aliyeonewa.

Huduma nyingi haziruhusu akaunti za walio chini ya miaka 13. Chagueni zile ambazo mwanafunzi anaingia kwa msimbo tu, bila barua pepe. Kumbukeni pia kwamba kundi la WhatsApp linaanika namba ya kila mzazi mbele ya wazazi wote.

Kwenu wenyewe, tenganisheni akaunti ya kazi na ya nyumbani. Picha za familia hazipaswi kutokea kwenye projekta, na siku mkihama shule ya zamani isibaki na barua zenu. Kila akaunti iwe na nywila yake, zitunzwe kwenye programu ya kutunza nywila, na washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani msimbo wa simu juu ya nywila. Google hutoa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja hutumika mara moja. Ichapeni, iwekeni mahali salama mbali na simu, kwa sababu simu ikipotea ndiyo hiyohiyo inayopokea msimbo wa kuingilia.

Kwa anayejifunza jambo jipya, lugha, majina ya viungo vya mwili au fomula, namshauri Anki, programu ya kadi za marudio. Ni bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Inarudisha kadi kila unapokaribia kuisahau. Wengi huikimbia ndani ya mwezi, na sababu ni moja: imewekwa itoe kadi mpya 20 kwa siku, na mtindo huo ukiendelea marudio hukua hadi kama kadi 200 kila siku. Shusheni hadi 5. Kadi moja ibebe jambo moja. Kadi yenye orodha ya mambo saba mtaikosa kila mara kwa sababu ya lile la sita.

Wiki ya mwisho ya muhula, tengeni saa moja. Pakueni matokeo yote kama CSV, yawekeni kwenye folda ya mwaka na muhula, na nakala nyingine kwenye diski ya nje. Zimeni fomu zisipokee majibu tena. Ondoeni ruhusa kwenye hati mlizoshiriki. Kisha pitieni barua pepe mkitafuta neno «karibu» na «welcome», mtaona kila huduma mliyojiandikisha. Zile ambazo hamkuzigusa muhula mzima, ingieni mkafute akaunti yenyewe. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti data iliyobaki kwao.

Ni mimi mwalimu mwenzenu, mkongwe wa chaki.