Kwa nini alikiri: barua kwa mwanangu anayesoma sheria

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimekalia ndoo hapa kijiweni, maharage yanachemka. Umeniuliza: "Mama, kama Tito Magoti hakuwa na kosa, kwa nini alikiri?" Unasema darasani mmebishana kuhusu makubaliano ya kukiri kosa, yale ya mshtakiwa kukiri na kulipa ili kesi iishe, mwenzako mmoja akasema mtu asiye na hatia hakiri hata umkate kidole, na wewe ukakosa la kumjibu. Swali hilo halijibiki kwa meseji. Nimechukua lile daftari la madeni, nimeligeuza nyuma, naandika huku. Nikimaliza nitamwomba kijana wa steshenari alipige picha akutumie, kwa hiyo ukiona sehemu imeandikwa "Juma chai 2 chapati 3" ruka, hiyo haikuhusu.

Unajua sikusoma sheria. Ninachokijua nimekiokota kwa kuuza chai karibu na Mahakama ya Kisutu, hapa Dar es Salaam. Wateja wangu ni mawakili wachanga ambao bado hawajaanza kula hotelini, makarani, askari, na ndugu wa mahabusu. Hawa wa mwisho huwatambua hata kabla hawajasema neno. Huagiza kikombe kimoja cha chai ya rangi, wakakaa nacho saa mbili, macho barabarani wakisubiri karandinga. Likipita wanasimama wote kwa pamoja, maana ndani hakuonekani vizuri, unaona vidole tu kwenye nondo, na kila mtu anajiambia vile vidole ni vya mtu wake.

Sasa Tito. Alichukuliwa eneo la Mwenge, Ijumaa, tarehe 20 Desemba 2019, na watu waliovaa kiraia. Wewe ulikuwa mdogo, ila kumbuka miaka ile maneno "watu wasiojulikana" yalikuwa mdomoni kwa kila mtu. Ukisikia fulani kabebwa na gari, unaanza kumlilia kabla ya kuuliza. Alikuwa mwanasheria wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wenzake walipaza sauti siku ileile, wakauliza hadharani: yuko wapi? Polisi wakasema wanaye. Mawakili mezani kwangu walikuwa wakisema kwamba saa za mwanzo ndizo zinazookoa mtu. Kabla hata ya kudai aachiwe, unadai kwanza wakiri kwamba wanaye.

Tarehe 24, mkesha wa Krismasi, akaletwa Kisutu pamoja na Theodory Giyan, mtaalamu wa kompyuta. Mashtaka yalikuwa matatu: kuongoza genge la uhalifu, kumiliki programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa, na kutakatisha fedha, yaani kuficha chimbuko la fedha haramu, shilingi 17,354,535. Nakumbuka wakili mmoja akiirudia ile namba huku akimenya yai, mpaka ile tano ya mwisho, kama mtu anayesoma namba ya bahati nasibu. Akasema, "Mama, hayo mawili ya mwanzo waachie. Hilo la tatu ndilo kufuli." Nilimwelewa, na sababu nitakueleza mbele. Utakatishaji wa fedha hauna dhamana. Mtu akishabandikwa hilo, hakimu hata akimwonea huruma hana la kufanya, anarudishwa gereza la Segerea kusubiri upelelezi ukamilike. Na upelelezi hauna haraka.

Hapo ndipo kampeni ya kumtoa ilipoanza, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu wewe na wenzako mnaijua kwenye simu tu. Kwenye simu ilikuwa picha yake na jina lake, na mashirika ya haki za binadamu ya hapa na ya nje yakitoa matamko. Mambo mazuri hayo, siyadharau. Ila mimi niliiona kwa upande wa benchi. Kesi ilikuwa inatajwa kila baada ya siku 14. Kutajwa tu, mwanangu. Unapanda daladala mbili, unafika saa mbili asubuhi, unasubiri, mnaingia, wakili wa Serikali anasimama: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Tarehe inatolewa. Basi. Siku moja nilimwachia dada wa vitumbua jiko langu nikaingia ndani nione kwa macho yangu. Chai niliyokuwa nimeimimina kabla ya kutoka niliikuta bado ina moto.

Mara za kwanza watu walijaa mpaka kwenye korido. Mara ya tano walikuwa wamepungua. Ikaja corona mwezi Machi, na hapo wakabaki wa kuhesabu. Kuna binti mmoja, sijui hata jina lake, alikuwa na kijidaftari cha jalada la bluu anaandika kila tarehe, nani amekuja na kimesemwa nini. Kilichosemwa kilikuwa kilekile, na bado alikuwa anakiandika. Siku moja nikamwuliza kwa nini asiandike "kama jana". Akacheka, akasema, "Mama, wao wanataka tuchoke." Nikampa chapati ya bure. Mchango wangu kwenye kampeni ya Tito Magoti ndio huo: chapati, na waya wa kuchajia simu za watu. Usije ukaenda kuwaambia wenzako mama yako alikuwa mwanaharakati.

Mwezi Mei 2020 meza yangu ilishangilia. Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachokataza dhamana kwa makosa hayo, kinakwenda kinyume na Katiba. Kuna waliolipa madeni yao siku ile. Agosti, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kifungu kikabaki pale pale. Wewe hizo hukumu utazisoma na kuzifanyia mtihani. Mimi nazikumbuka kwa sauti za watu: Mei kelele, Agosti vijiko tu kwenye vikombe. Na Katiba, ibara ya 13, inasema ni marufuku kumtendea mshtakiwa kama mtu mwenye kosa mpaka ithibitike. Nimeuliza watu wengi wanieleze kukaa Segerea mwaka mzima bila shahidi hata mmoja kuitwa ni kutendewa kama nani. Bado sijajibiwa.

Sasa nije kwenye swali lako, na hapa itabidi nikwambie jambo nililokuficha.

Mjomba wako hakuwa Songea. Ile miaka tuliyokuambia kapata kazi ya mahindi huko, alikuwa mahabusu. Alikuwa mtunza stoo, ukatokea upotevu, wakakamatwa wanne, yeye mdogo kuliko wote kwa cheo, na ndani ya hati ya mashtaka wakakuta na hilohilo la utakatishaji. Miaka mitatu na miezi miwili. Zile safari zangu za Jumamosi na kapu, nikikwambia naenda kwenye kikoba, nilikuwa nakwenda kwake. Nilimpelekea dawa ya vidonda vya tumbo na sabuni ya mche, na mara moja picha yako umevaa sare za darasa la nne. Sijui kama walimpa.

Septemba 2019 Rais Magufuli akatangaza kwamba watuhumiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kukiri na kurudisha fedha wasikilizwe, akatoa siku 7. Walijitokeza 467, na fedha walizoahidi zilizidi shilingi bilioni 107. Magazeti yaliandika kama habari njema ya mapato. Kwetu ilikuwa mjomba wako kunitazama kwenye kidirisha na kuniuliza, "Dada, kile kiwanja cha Chanika kinaweza kufika bei gani?"

Nilimkasirikia. Nikamwambia ukikiri utakuwa mwizi maisha yako yote. Akanijibu taratibu, wala hakupandisha sauti: "Nisipokiri mimi ni mwizi huku ndani. Nikikiri nitakuwa mwizi nyumbani." Akaniambia hesabu yake. Akishinda kesi, atashinda lini? Haijaanza kusikilizwa. Mama yetu ana presha. Wanawe wameshahama shule. Kwa hiyo haki anayo, ila haki yenyewe ina foleni, na foleni hiyo unaisubiri ukiwa umelala ubavu mmoja kwa sababu mahali pa kulalia chali hapapo. Tukauza kiwanja. Akakiri. Akatoka amevaa suruali inayomdondoka, tukakuambia karudi kutoka Songea, na wewe ukamwuliza kwa nini hakukuletea hata hindi moja.

Mjomba hakuwa na kampeni. Hakuna aliyeweka picha yake popote, hata mimi dada yake niliona aibu kulitaja jina lake kanisani. Ndiyo maana nilipoona watu wanamwandikia Tito madaftari nilichanganyikiwa, furaha na wivu kwa pamoja. Ninakueleza ukweli.

Kabla ya Tito alikuwa Erick Kabendera, yule mwandishi wa habari, aliyekamatwa Julai 2019, naye akabandikwa shtaka la utakatishaji. Mama yake, mzee mgonjwa, alirekodiwa akimwomba Rais amwachie mwanawe. Akafariki tarehe 31 Desemba mwanawe akiwa bado ndani, na ombi la kwenda kwenye misa ya mazishi likakataliwa. Februari 2020 Kabendera akakiri, akalipa, akatoka. Nikuulize wewe na huyo mwenzako wa kidole: mtu ambaye hakuruhusiwa kumzika mama yake, unamhukumu kwa kukiri?

Tarehe 5 Januari 2021 ikawa zamu ya Tito na Theodory. Makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka, kukiri shtaka la genge, kulipa fidia ya zaidi ya milioni 17, na kutoka. Tangu Mwenge hadi siku ile ni siku 382. Hapakuwa na shangwe za kubebana mabegani. Yule binti wa daftari la bluu alikaa kwangu, akaagiza chai, akailalia meza akalia. Nilidhani ni furaha. Akasema, "Tumemtoa, lakini wamemtoa kwa maneno yao." Sikuwa na la kumwambia. Nikamwongezea sukari.

Mimi sikuwamo kwenye mazungumzo hayo na sijui alijisemea nini moyoni, na wewe pia hujui, kwa hiyo punguza kumsemea. Ninalojua ni hili: usiku ule alilala kwake. Na hakunyamaza baada ya hapo. Aliendelea na kazi ya sheria, akaipeleka Serikali mahakamani juu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikakubali kwamba baadhi ya vifungu vyake vina utata, vikarekebishwe. Darasani kwenu mnahesabu aliyekiri. Hesabuni na hilo.

Unasema sasa mnataka kuunda kikundi cha kufuatilia kesi, tangu Tundu Lissu, naye wakili, alipokamatwa Mbinga Aprili 2025 akasomewa uhaini, ambao nao hauna dhamana. Siasa zake utajua mwenyewe, nyumbani kwetu hata mimi na baba yako hatupigi kura sawa. Kwenda kusikiliza sikukatazi, mahakama ni ya wazi. Ila naogopa, sitakudanganya, nimeona vijana wakisombwa nje ya geti na simu zao zikivunjwa. Usiende peke yako. Mwambie mtu mmoja asiyekuja mahakamani unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Namba ya wakili iandike kwa kalamu kwenye mkono, maana simu huwa ya kwanza kuondoka. Kunywa chai kabla. Na nenda mara ya tano pia. Ya kwanza kila mtu huenda.

Na nenda ukamwangalie na yule asiyejulikana. Kila asubuhi karandinga linashusha watu arobaini na wanaofuatwa na kamera ni mmoja. Wengine wote wana dada zao hapa kwangu wamekumbatia kikombe kimoja.

Nimemwomba mjomba ruhusa kabla ya kukuandikia haya. Alikaa kimya, akakuna kidevu, akasema mwambie, ameshakua. Utamkuta hajabadilika sana, isipokuwa kitu kimoja ambacho wewe hukuwahi kukielewa na ulikuwa unamcheka nacho. Mjomba hahesabu wiki. Anahesabu kwa kutajwa. Juzi fundi alimdai hela ya bati, akamwambia, "Nipe kutajwa mara moja nitakuwa nimepata," fundi akabaki mdomo wazi. Nilipomwambia unafunga chuo mwishoni mwa mwezi ujao, akahesabu kwa vidole, akasema, "Aa, mara tatu tu."

Nimekutumia elfu ishirini na tano kwenye simu, ya kutolea nimeweka humo humo. Sweta lako nimelifua.

Mama yako